Pumzi ya Zamu

Saa nane na nusu mchana Bi Nyamizi alipanda kitandani upande wa marehemu mumewe, akavaa barakoa ya marehemu mumewe, akaanza kuvuta pumzi kwa niaba ya marehemu mumewe. Ilikuwa zamu yake. Asubuhi alikuwa amevuta Mama Shija wa nyumba ya pili, na jioni angekuja Kalunde, fundi cherehani, ambaye mapafu yake yalikuwa mazuri lakini akishikwa na kicheko harudi upesi.

Kazi yenyewe si ngumu ukishaizoea. Unavuta kidogo, unasita, unavuta tena, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Ukivuta vizuri mno unaharibu. Marehemu Mzee Lugusha aliendesha treni za dizeli miaka thelathini na moja, mpaka zilipokuja za umeme, na alipostaafu aliondoka na moshi wote kifuani kana kwamba ndio kiinua mgongo chake.

Koridoni, ukutani, mita ya umeme ilikuwa inasikiliza.

Pale Isevya, na karibu Tabora yote, mita hizo mpya waliziita Mama Mkwe. Ziliingia nyumbani bila kualikwa, zikakaa kimya pembeni, na zikajua kila kitu. Mama Mkwe hakuwa na jicho wala sikio, alikuwa na waya tu. Lakini kila kifaa kina namna yake ya kula umeme, kama vile kila mtu ana kikohozi chake: ukiwa chumbani, unamjua aliyeko uani bila kuchungulia. Mama Mkwe aliijua pasi, aliijua birika, alilijua jokofu lenye mpira uliolegea. Na mashine ya pumzi aliijua kuliko vyote. Mota yake ilijikaza kidogo kila mgonjwa alipovuta, ikalegea alipotoa. Mjikazo ule, mdogo kuliko taa ya chooni, ulisafiri kwenye waya, na Mama Mkwe akauhesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Alihesabu kwa sababu. Mabwawa yalikuwa yamekauka kwa mwaka wa tatu. Kila siku, saa kumi kamili jioni, Shirika la Mizani liliuzima mji hadi saa nne usiku, na kila transfoma ilibakiziwa nyumba sitini tu: zile ambazo mita zake zilisikia mashine iliyoshikana na mwili wa mtu. Nyumba hizo zilikuwa na taa ya kijani. Nyingine zote zilikaa gizani na joto la Oktoba, zikijipepea na mifuniko ya sufuria.

Bi Nyamizi alikuwa amefika pumzi ya mia mbili na kitu mita ilipolia ting, ikasema kwa sauti ile ya mtu aliyesoma sana:

"Habari njema. Hali ya mgonjwa Ramadhani Lugusha, umri miaka themanini na miwili, imeimarika kwa asilimia arobaini ndani ya miezi saba. Hongera kwa familia. Afisa uhakiki atafika saa tisa kamili kumjulia hali."

Miezi saba ndiyo muda ambao Mzee Lugusha alikuwa ardhini, kule Sikonge.

Bi Nyamizi aliivua barakoa taratibu, akaenda dirishani.

"Mama Shija," aliita. "Njoo. Na uje umevaa kitu chepesi."

*

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mzee Lugusha alikwenda Sikonge kumzika kaka yake, akafia hukohuko kabla matanga hayajaanuliwa, akazikwa palepale. Walipewa taarifa ndugu, majirani, imamu, hata muuza ugoro. Mama Mkwe hakupewa, maana ni nani angefikiri kwamba mita nayo ni ya kuarifiwa msiba?

Bi Nyamizi akakaa eda. Siku ya tatu, akiwa peke yake chumbani, aliichukua barakoa akaivaa, kwa kuwa ndani yake mlikuwa bado na harufu ya ugoro ambao mzee alikuwa amemwapia daktari kwamba ameuacha. Akavuta harufu ile huku analia, kwikwi kwa kwikwi. Kutoka koridoni sauti ikasema, "Mgonjwa anaendelea vizuri." Bi Nyamizi alicheka mpaka wanawake waliokuja kumkalia eda wakadhani kilio kimempanda kichwani.

Jioni hiyo mji ulizimwa, nyumba yake ikabaki inawaka.

Kesho yake Zena, binti wa Kalunde mwenye miaka kumi na mmoja, alianguka darasani. Ana sukari tangu utotoni. Dawa yake ya sindano ilikuwa inahifadhiwa kwenye mtungi wa maji, na kwa joto lile ikaharibika bila kubadilika rangi wala harufu, hivyo mama yake alikuwa akimchoma maji matupu na kumwambia ajikaze. Jokofu walikuwa nalo, lakini kwa saa sita kila siku lilikuwa kabati tu. Mama Mkwe hakulihesabu, maana dawa haipumui.

Basi wanawake wakatazamana, na chupa zikahamia kwenye jokofu la Bi Nyamizi. Za Zena kwanza, kisha za watu wengine wanne wa mtaa huo. Na kwa kuwa daktari alimwandikia mzee mashine saa moja mara tatu kwa siku, walipanga zamu kama wanavyopanga za kupika kwenye shughuli. Afisa wa kuja kukagua hakuwepo. Kila simu ya Shirika ilijibiwa kwamba humo ndani mna mwanamke aliye eda na wanaume hawaingii, na hakuna aliyeuliza ni eda ya nani. Eda ikaisha. Zamu hazikuisha.

Kosa lao lilikuwa moja tu. Hawakukumbuka kuugua zaidi.

*

Afisa alifika saa tisa kamili. Hakuwa mwanaume. Alikuwa msichana mrefu mwenye kishikwambi kwapani na viatu vyenye vumbi, na kibandiko kifuani kilichoandikwa Veneranda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mzee amelala, usimkatishe, akiamka anakuwa mkali."

"Nitachungulia tu."

Kitandani kulikuwa na blanketi lililovutwa hadi kwenye nyusi, barakoa ikitokeza, na chini yake Mama Shija akivuta pumzi kama treni inayopanda mlima. Kwa hofu alikuwa akiugua kupita kiasi. Veneranda alisimama mlangoni.

"Shikamoo, babu."

Mkono ukainuka kidogo chini ya blanketi, ukapunga, ukashuka. Ulipoinuka ulilivuta blanketi, na upande wa pili ukatokeza mguu. Ulikuwa mguu mnene, laini, umepakwa hina ya maua hadi kifundoni.

Bi Nyamizi aliutazama mguu. Veneranda aliutazama mguu. Nzi alizunguka, akatua kwenye ua la hina, akaondoka.

"Babu alikuwa na harusi?" Veneranda aliuliza.

"Jumamosi," alisema Bi Nyamizi.

"Alipendeza."

"Walimsifu wengi."

Veneranda aliurudisha mlango taratibu, akatangulia sebuleni bila kukaribishwa, akakaa. Bi Nyamizi alijiambia kwamba mtu aliyelea wajukuu tisa haanguki mbele ya kishikwambi. Akakaa na yeye.

"Nikifunua blanketi lile, bibi, nitalazimika kuandika nilichokiona," alisema Veneranda. "Kwa hiyo sijafunua. Sikutumwa kukamata mtu. Nimetumwa kupunguza mmoja. Mita inasema humu hakuna mgonjwa wa kuhitaji taa, na nje kuna wa sitini na moja anayengoja."

"Huyo Mama Mkwe wenu angekuwa na akili ya mtu mzima, tusingemficha kitu," alisema Bi Nyamizi. "Anasikia mtu akivuta kamasi, asimsikie mtoto akizimia? Bora lile giza la zamani. Lilizima wote, hakuna aliyeulizwa anapumuaje."

"Lilizima wote, na hospitali." Veneranda hakuinua sauti. "Kaka yangu alikuwa kwenye mashine, wodi namba tatu. Waliuzima mji mzima kwa swichi moja, na aliyebonyeza hakujua kwamba kuna Deusi. Mita hizi zingekuwepo, angebaki. Ndiyo maana nafanya kazi hii." Akapangusa vumbi kwenye kishikwambi. "Na dawa za sindano hazizisikii, hiyo ni kweli. Nimeandika barua tatu. Wananijibu kwamba barua imepokelewa."

Bi Nyamizi aligeuka kulitazama jokofu. Veneranda naye aliligeukia, akaelewa, akayarudisha macho kwenye kishikwambi haraka, kama alivyofanya kwa mguu.

"Wangapi?"

"Watano. Mdogo ana kumi na mmoja."

"Huyu ni mmoja," alisema Veneranda. "Jana saa kumi na moja nilimkuta sakafuni, midomo kama aliyekunywa wino. Anaishi peke yake nyuma ya stesheni ya zamani. Mashine anayo, taa hana. Leo akizimiwa tena, sidhani. Saa kumi kasoro dakika kumi orodha inafungwa, na ikifungwa hata mimi siwezi kuifungua hadi kesho."

"Anaitwa nani?"

"Bi Mwanne binti Kasanda."

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika kumi na nane. Bi Nyamizi aliisikia ikisema.

Watano kwa mmoja ni hesabu ya darasa la tatu, na darasa la tatu alilipita vizuri, alianza kushindwa la tano. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angelia, angesema pole, na angebaki na jokofu lake. Lakini Mwanne alikuwa mke mkubwa wa Lugusha. Alitoka ndani ya nyumba hii miaka ishirini na saba iliyopita na godoro kichwani, na aliyesimama dirishani akimtazama akienda ni Bi Nyamizi mwenyewe, mke mdogo, amevaa kitenge kipya. Sasa akisema "watano kwa mmoja", angejuaje ni kwa ajili ya Zena, na si kwa ajili ya kile kitenge?

"Akihamia nyumba hii yeye, na mashine, na jina lake?" aliuliza.

"Kuhama ni maombi mapya. Anarudi mkiani. Miezi kumi na moja."

"Na akihamia bila jina?"

Veneranda aliitazama saa ya ukutani.

"Gari lako lina viti vingapi, mwanangu?"

*

Chumba cha Bi Mwanne kilikuwa kimefagiwa. Yeye alikaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mirija puani, mashine ikinguruma kando yake. Mwembamba kama fimbo ya mwavuli, lakini wanja alikuwa amepaka. Alimwona nani anaingia, akafumba macho.

"Nilijua nikikaribia kufa nitaanza kuona mashetani," alisema.

"Mimi ni mzima, dada."

"Ndiyo maana nikasema mashetani. Kaa mbali, unanimalizia hewa."

Bi Nyamizi alikaa sakafuni, mlangoni, kama mgeni. Akaeleza yote: barakoa, zamu, Zena, jokofu, mguu wa Mama Shija. Alieleza upesi kwa sababu Veneranda alikuwa amesimama nje ya mlango akitazama saa. Kisha alifika pale ambapo angeweza kunyamaza, na mtu yeyote mwenye akili angenyamaza.

"Na ujue na hili. Ukikataa kuja, huyu binti anamfuta mzee, na wewe unapata taa yako hapahapa. Huna haja na mimi."

"Subiri." Bi Mwanne alivuta pumzi mbili. "Nikikaa hapa nilipo, nisikuone uso wako, napata taa."

"Unapata."

"Na wewe unazimiwa."

"Nazimiwa."

"Mbona hiyo ni nzuri."

"Ni nzuri. Ningekuwa wewe ningekaa."

"Tisa na dakika thelathini na tisa," alisema Veneranda nje.

Bi Mwanne alifumbua macho. Alimtazama mke mwenzake kuanzia kwenye mtandio hadi kwenye ndala, kama mtu anayechagua dagaa.

"Saa ya reli ilikwenda wapi?"

Bi Nyamizi alilitegemea swali lolote ila hilo. Ilikuwa saa ya mfukoni, ya mnyororo, Lugusha alipewa na reli kwa kutochelewa hata siku moja. Ilipotea. Wakati ule Bi Nyamizi alisema amemwona Mwanne akimpa mdogo wake, na wiki hiyo godoro likatoka.

"Iko chooni," alisema.

"Sikusikia. Mashine inanguruma."

"Iko chooni. Nilikuwa naivaa shingoni nikibaki peke yangu, nione inavyonikaa. Nikaenda nayo msalani, nikainama. Ikaenda. Wewe hukuiona wala hukuigusa. Nilikusingizia."

Mabega ya Bi Mwanne yakaanza kutikisika, na Bi Nyamizi akadhani ndiyo inakuja pumzi ya mwisho, akapiga magoti. Kumbe ni kicheko. Kilimkaba, kikamwachia, kikamkaba tena. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Miaka ishirini na saba naitwa mwizi," alisema alipopata hewa, "kwa ajili ya choo."

"Nisamehe, dada."

"Sitaki. Sema tena kwa sauti, huyo mtoto asikie. Atakuwa shahidi."

Bi Nyamizi alisema tena, kwa sauti. Jirani aliyekuwa anaanua nguo uani aliacha kuanua. Veneranda aliinamisha kichwa akasoma kitu ambacho hakikuwepo kwenye kishikwambi.

"Huyo mtoto wa sindano," alisema Bi Mwanne. "Anajua kusoma gazeti? Macho yangu yameisha."

"Anasoma vizuri."

"Upande wa dirisha ni wangu."

"Ndiko mashine iliko."

"Chai ya tangawizi, na usiipime sukari. Na nikifia humo, nitakuwa nimekufa kwa jina la Ramadhani?"

"Kwenye mita, ndiyo."

"Basi atakuwa amekufa mara mbili, yule bwana. Alipenda sifa." Akanyoosha mkono. "Ninyanyue. Taratibu, mimi si gunia la mpunga."

Saa kumi kasoro dakika kumi na moja, Veneranda alibonyeza: *Nimehakiki. Mgonjwa yupo.* Kisha akalifuta jina la Mwanne binti Kasanda katika orodha ya wanaongoja. Bi Nyamizi, aliyekuwa amemshika Mwanne kwapani, aliyaona yote mawili.

*

Kutoka nyuma ya stesheni hadi Isevya ni mwendo wa dakika saba, na mirija Bi Mwanne aliiacha kwenye mashine yake. Kwa dakika saba Bi Nyamizi alihesabu kama Mama Mkwe. Kila pumzi ilikuja imechelewa kuliko iliyotangulia. Kwenye kona ya msikiti moja haikuja kabisa, akampiga mwenzake kofi la mgongoni, ikaja na tusi ndani yake.

Walipomfikisha chumbani, Mama Shija aliruka kitandani kama aliyeunguzwa, jasho linamtiririka.

"Nimepumua mpaka nimeona nyota," alisema. "Ni nani huyu?"

"Mwenye kitanda," alisema Bi Nyamizi.

Wakamlaza. Bi Nyamizi alimvalisha barakoa, mikono ikimteleza kwenye mpira. Wakati huohuo ikagonga saa kumi. Mji wa Tabora ukanyamaza. Feni za jirani zilipunguza mwendo, zikasimama. Redio ya Kalunde ilikatika katikati ya neno. Mashine ya kusaga iliguna, ikalala. Ndani ya nyumba ya Bi Nyamizi kulisikika vitu viwili tu: jokofu lenye mpira uliolegea, na mashine ya pumzi ikijikaza na kulegea.

Watu wanne walisimama wakiutazama ukuta wa koridoni kupitia mlangoni. Taa ya kijani iligeuka njano. Mama Mkwe alikuwa anahesabu. Pumzi ya leo haikuwa ya jana. Hata mtoto angejua. Njano ikapepesa. Mama Shija alianza kusali kimoyomoyo. Kalunde, aliyekuwa ameingia mbio kwa zamu yake, alikuwa sebuleni, ameweka mkono juu ya jokofu kana kwamba anaweza kuliwasha kwa kiganja.

Mita ikalia ting.

"Tahadhari. Hali ya mgonjwa Ramadhani Lugusha imeshuka ghafla. Nyumba hii itaendelea kuwashwa. Pole kwa familia."

Njano ikawa kijani.

Bi Nyamizi alikaa kitandani. Chini ya barakoa midomo ya Bi Mwanne ilikuwa inarudi rangi, polepole, kama chai inayotiwa maziwa.

"Ugoro," alisema Bi Mwanne. "Kumbe hakuacha."

"Hakuacha."

"Huyo wa ukutani anasemaje?"

"Anakupa pole."

Bi Mwanne alivuta, akasita, akavuta. "Ndiye wa kwanza katika nyumba hii."

Veneranda alikuwa bado amesimama mlangoni na kishikwambi. Hakuwa na uso wa mtu aliyeokoa watu sita. Jina moja lilipoondoka kwenye orodha, majina yote ya chini yake yalisogea juu hatua moja, na sasa pale juu kabisa palikuwa na jingine.

Bi Nyamizi alimwona anavyolitazama. Angeweza kwenda jikoni kuchemsha tangawizi.

"Ni nani?" aliuliza.

"Mzee Maganga. Seremala, Mtaa wa Mihogoni. Ana mke kipofu."

"Na mita moja inaweza kusikia mashine mbili?"

"Inaweza," alisema Veneranda. "Lakini ya pili nayo itataka jina, bibi. Na mzee wako tumeshamtumia."

"Mwanaume hapana," ilisema barakoa kutoka kitandani. "Mmoja tayari yumo humu, na kumtoa hatuwezi."

Bi Nyamizi alikuwa ameshafika sebuleni, amevua ndala moja, anapima kwa unyayo nafasi ya kitanda kutoka kwenye jokofu hadi ukutani.